Kiguu na Mawe ya Kilo Saba

Watu wa ofisi ya ardhi walimwita Kiguu, na jina lenyewe halikuhitaji maelezo. Alikuwa tarishi, kiguu na njia, miaka ishirini na sita akipanda na kushuka ghorofa nne na mafaili kifuani, akipeleka barua benki, akirudi, akitumwa tena kabla hajafuta jasho. Wenzake walimwonea huruma. Hawakujua kwamba ukitaka kumtesa mtu yule hukumtuma, ulimkalisha. Kwenye vikao vya wafanyakazi, vile vinavyoanza saa tisa alasiri na kumalizika Mungu anajua lini, Kiguu alisimama nyuma karibu na mlango, na mwenyekiti alikuwa akimsifu mbele ya watu wote kwa unyenyekevu wa kuwaachia wengine viti.

Basi siku moja lori lililoleta karatasi likarudi nyuma bila honi na kumbana kwenye ukuta wa stoo. Paja la kulia lilivunjika katikati. Damu ilimwagika humohumo ndani ya paja, likavimba mpaka suruali ikachanwa kwa mkasi, na alipofika hospitali alikuwa mweupe midomo. Wakampitishia chuma chini ya goti, wakafunga kamba kwenye kile chuma, wakaipitisha kwenye kapi mwisho wa kitanda, na huko chini wakaning'iniza uzito wa kilo saba. Vilikuwa vipande vya chuma, lakini wodi nzima iliviita mawe. Kazi yake ilikuwa kuuvuta mguu, usiku na mchana, ili vipande vya mfupa vikae vinatazamana mpaka viungane.

Daktari wa mifupa alimweleza mambo mawili tu, akiwa amesimama, macho kwenye mguu na si kwa mwenye mguu. Kwanza, atalala chali siku arobaini na mbili. Pili, mfupa ukitulia utaunga sawa na atatembea. Usipotulia utaunga upande, mguu utabaki mfupi, na kazi ya kutembea ataisikia kwa wengine. Kisha akahamia kitanda cha pili. Kiguu akapiga moyo konde. Siku arobaini na mbili si milele, alijiambia, na mtu aliyewahi kumsubiri mkurugenzi atie sahihi faili hashindwi kulala.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, jua likiteremka nyuma ya tangi la maji la hospitali, miguu ikaanza.

Hayakuwa maumivu. Maumivu ya mfupa alikuwa nayo na aliyajua yanakokaa. Hiki kilianzia ndani ya mashavu ya miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, kikatambaa, kikavuta, kikawa kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja bila kuchoka. Kilitaka jambo moja tu, kwamba miguu ijongee. Kiguu alikuwa akikijua kitu hicho tangu ujana wake, na siku zote alijua la kufanya. Jioni alikuwa akivaa kandambili, anamwambia mkewe ananyoosha miguu, anatoka. Anapita kwenye kinu, anapita gereji, anazunguka uwanja wa shule mara tatu au nne, na saa tatu anarudi miguu imetulia na shati limelowa. Hata siku moja hakuuita ugonjwa. Mtu akisikia kiu hunywa, miguu ikitaka njia hupewa njia, ugonjwa uko wapi hapo?

Sasa njia haikuwepo. Mguu wa kulia ulikuwa umeshikwa na chuma na kamba, na ule wa kushoto ukaanza kupiga teke peke yake, kila baada ya muda mfupi, goti likipanda na kushuka, kitanda kikilia. Kila teke lilimsogeza chini kidogo. Kufikia saa mbili usiku alikuwa ameteleza hadi mawe yamegusa sakafu, na mawe yakigusa sakafu hayavuti chochote, ni pambo. Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, akamshika makwapani, akamvuta juu, akamwambia atulie kama mtu mzima. Akatulia kwa kitambo cha kuhesabu mpaka thelathini.

Kwa kuwa ilikuwa vilevile kila jioni, ilimbidi ajieleze, na hapo ndipo Kiguu, mtu aliyebeba maneno ya wenzake maisha yake yote ndani ya bahasha, alipogundua kwamba yeye mwenyewe hana maneno. Alisema kuna wadudu wanatembea miguuni. Sista hakutania na usafi. Aligeuza godoro, akapiga dawa, wodi nzima ikakohoa hadi asubuhi. Jirani yake wa kitanda, fundi wa kuezeka paa aliyeanguka na kuvunjika mikono yote miwili, alikuwa amenyoosha plasta zake mbele kama anayesubiri kupewa mtoto ashike. Alisema kwamba ni kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ila kile yeye alikilalia wiki nzima kabla ya kuhamishwa, na kunguni hakuwaona.

Siku iliyofuata Kiguu akabadilisha, akasema inawasha. Hilo lilikuwa na dawa. Wakampa vidonge vidogo vya njano vya kuwashwa, kimoja kila jioni, na Sista akamwambia kwa wema kwamba vitamletea na usingizi. Vilileta, lakini uliishia kichwani. Kichwa kilizama, macho yakafunga, na miguu ikakimbia zaidi ya jana. Akawa mtu anayesinzia na kustuka, kusinzia na kustuka, na asubuhi yake akashukuru kwa kidonge na kuomba viwili. Sista akampa viwili.

Mkewe alikuwa akija kila jioni saa kumi na moja. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, mama wa mapacha waliokwisha kuoa na kuolewa na kwenda zao. Yeye na Kiguu waliitana Mama Pacha na Baba Pacha, kama walivyoitana tangu watoto walipozaliwa. Alileta chupa ya chai nzito, kwa sababu mumewe alipewa vidonge vya kuongeza damu na yeye hakutaka avimeze kwa maji ya bomba. Alimmiminia mwenyewe, kikombe kimoja cha kidonge na kimoja cha kuteremshia. Kisha alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akitazama jua linavyoshuka na miguu ya mumewe inavyoanza, na macho ya mumewe yanavyokwenda mlangoni.

Kiguu na fundi paa walifanya mapatano. Kiguu, ambaye mkono wake ulifika kitanda cha pili, alimkuna fundi pua na masikio kila alipoombwa, na maombi yalikuwa mengi. Fundi naye alikuwa mlinzi wa mawe. Yakishuka karibu na sakafu alisema kwa sauti ya kazini, sauti ya mtu aliyezoea kuwaonya walio chini, kwamba mzigo unatua. Kiguu alishika bomba la juu ya kitanda, akajivuta. Baada ya siku kumi na mbili walikuwa hawana usingizi wote wawili, na picha ya mfupa ikapigwa.

Daktari wa mifupa aliinyanyua picha dirishani. Vipande viwili vya mfupa vilikuwa vimepandana kwa upana wa kidole gumba. Akasema safari hii akimtazama Kiguu usoni, na Kiguu akatamani angeendelea kutazama mguu. Akasema kuna wagonjwa wanaotaka kupona na kuna wanaotaka kubembelezwa. Jumatatu atapiga picha nyingine, na kama mfupa utakuwa bado umepandana, basi utaachwa uunge hivyohivyo, mguu mfupi kwa vidole viwili, na asije akalaumu mtu. Kisha yeye alikuwa na safari, wodi ataiachia mwingine.

Ilikuwa Jumanne. Jioni ile Sista alikuja na bandeji pana na shuka. Hakuwa na ukatili, tuseme kweli. Alikuwa na wagonjwa thelathini na mmoja na mgongo mmoja. Akamfunga mguu wa kushoto kwenye chuma cha kitanda, mizunguko mitatu ya bandeji juu ya kifundo na mitatu chini ya goti, na kiuno akakizungushia shuka. Akafunga mafundo kwa upande asioufikia Kiguu. Akamwambia ni kwa faida yake.

Kiguu alistahimili mpaka jua lilipogusa tangi. Kisha kile kitu kikaanza, na hakikuwa na pa kutokea. Alikaza miguu, ikamkazia. Alijaribu kuhesabu, akapoteza hesabu. Alijaribu kuomba, akajikuta anaomba lori lirudi limalizie kazi. Akili yake ilikuwa wazi kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana aliona kila fundo la bandeji na kila dakika ya saa ya ukutani. Akalia. Mtu wa miaka hamsini na tatu, mbele ya wodi, machozi yakaingia masikioni kwa sababu hata kugeuza ubavu hakuweza. Alikuwa akitazama mlango, kwa kuwa kila kitu mwilini mwake kilitaka kupita pale.

Mkewe alikuwepo. Alichukua ncha ya mtandio wake, akamfuta masikio, kwanza moja kisha la pili. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini ambayo fundi paa, kwa ukarimu, alijifanya hakuisikia.

"Baba Pacha, kama kuna mtu anayetakiwa kujua uko hapa, niambie nimpelekee habari."

Kiguu alisema ofisini wanajua.

"Sisemi ofisini. Namsema huyo unayemwendea jioni."

Hakuelewa. Alimtazama mkewe usoni, akaona hana hasira, ana uchovu tu wa mtu aliyepiga pasi kutwa, na polepole akaelewa. Akasema hakuna mtu. Akasema huwa anatembea tu. Akaapa kwa watoto.

"Sijakuuliza kama yupo," alisema Mama Pacha. "Nimekuuliza kama ana habari."

Na tukimhukumu mama huyu tutamwonea. Miaka kumi na tisa mumewe alitoka jua likizama, hata mvua ikinyesha, hata wageni wakiwa sebuleni. Aliondoka amekunja uso, akarudi ametulia, amelowa jasho, mtu aliyepata alichokifuata. Usiku alimpiga mateke usingizini, naye akasogea mpaka ukingoni mwa kitanda akiamini mwili wa mtu husema kweli anapolala. Hakumuuliza hata siku moja. Alichofanya ni kupunguza chakula. Mtu anayekula kwingine, alijiambia, hapaswi kujaziwa sahani. Akampimia kidogo, na mwaka uliofuata kidogo zaidi, na Kiguu akala alichopewa akidhani nyumba imepungukiwa, akaona aibu kuomba nyongeza. Wote wawili walikuwa na adabu sana, na adabu ikawalia chakula mezani.

Sasa mume huyo amefungwa kwa chuma na mawe na bandeji, na saa ileile ya kila siku analia huku anatazama mlango. Ushahidi gani mwingine ungetakiwa? Kiguu mwenyewe, alipojiwazia, aliona hana la kujitetea. Nani atamwamini tarishi aliyetembea kutwa kwamba jioni anatoka kwenda kutembea bure?

Alhamisi alikuja daktari mwingine. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani puani, na jambo la kwanza alilofanya liliishangaza wodi: alivuta kiti akakaa. Aliziona bandeji. Aliuliza zimefungwa tangu lini, Sista akajibu. Akamuuliza Kiguu anasikia nini. Kiguu, ambaye alikwisha kukosea mara mbili, alisema hajui, miguu haitaki, basi. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na Mama Pacha alikuwa na chupa yake ya chai mkononi. Daktari akamgeukia.

"Mama, wewe ndiye unalala naye. Nyumbani huwa anafanyaje?"

Mama Pacha aliiweka chupa chini. Jambo alilolinyamazia miaka kumi na tisa akalisema pale, mbele ya Sista na fundi paa na mgonjwa wa tatu aliyekuwa amezibua sikio. "Nyumbani hakai," alisema. "Jua likizama anatoka. Kila siku. Sasa mniulize anakwenda wapi."

Daktari hakuuliza hilo. Aliuliza ni saa ngapi hasa anatoka, na mchana yukoje. Mchana hana neno, alijibu Mama Pacha, ni jioni ndiyo hujui kama ni mtu au ni nyani. Akiketi kwa muda mrefu je, kwenye basi, kwenye msiba? Hakai, anasimama, anasingizia ana shughuli. Akirudi kutoka huko aendako yukoje? Ametulia, alisema, na neno hilo alilitamka kwa uchungu kuliko yote. Usingizini anapiga mateke? Ananipiga mateke, nina alama. Daktari alizidi kuitikia kwa kichwa kila jibu, na Mama Pacha alizidi kupata nguvu, maana alidhani hatimaye amepata hakimu.

Kisha daktari akamuuliza Kiguu maswali manne mafupi. Akitembea, kile kitu kinaacha? Kinaacha. Akiketi kinarudi? Kinarudi. Kuna ndugu mwingine aliyekuwa hivyo? Hapo Kiguu akamkumbuka shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa akipiga nyayo ukutani kila usiku mpaka udongo ukabanduka na watoto wakamcheka. Na chakula, unakula vizuri? "Kidogo," alisema Kiguu. "Mimi si mlaji." Mama Pacha alitazama sakafu.

Daktari akasema ugonjwa huo upo na una jina, ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, na si wazimu wala utovu wa adabu. Unatoka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, mara nyingi unarithiwa, unaamka mwili ukitulia na jua likizama, na unatulia mtu akitembea. Watu wengi wanao, wachache wanausema, kwa sababu si kila mficha maradhi anajua kwamba anaficha maradhi. Unazidi mwilini kukipungua akiba ya madini ya chuma, na yeye amepoteza damu nyingi pajani juu ya akiba ambayo pengine ilikuwa ndogo tangu zamani. Atapimwa damu wajue. Kisha akainyanyua karatasi ya dawa, akaisoma, akaivua miwani.

Vidonge vya njano viache leo, alisema, hivyo ndivyo vinavyoichochea miguu. Mtu mwenye hali hii akimeza dawa ya kuwashwa ya kuleta usingizi, anamwaga mafuta motoni. Chai nayo inazuia chuma kisiingie mwilini, vidonge vya damu vimezwe na maji ya machungwa, na chai isogezwe mbali, tena mchana ukipita asinywe kabisa. Sista aliangalia vidonge vyake, Mama Pacha akaangalia chupa yake. Hakuna aliyelaumiwa, na kila mmoja alilaumika.

Bandeji zikafunguliwa. Matofali mawili yakawekwa chini ya miguu ya kitanda upande wa mawe, ili uzito wa mwili umrudishe juu badala ya kumteremsha. Mguu mzima ukapewa kazi: kusukuma ubao wa kitanda, kukunja goti, kunyoosha, mara ishirini kabla ya jua kushuka na tena ukianza. Mguu mgonjwa nao ukapewa ya kwake, kuchezesha kifundo na kukaza msuli wa paja bila kuunyanyua. Kitambaa cha maji baridi, kukandwa nyayo kabla ya saa yenyewe kufika. Na kichwa kipewe shughuli, alisema daktari, kisikae bure. Chuma kitachukua wiki kadhaa, na ikibidi zipo dawa nyingine. Hakuficha mwisho wake.

"Hautaondoka wote, mzee wangu. Utaufuga."

Shughuli ya kichwa aliitoa fundi paa. Alidai faili la kiwanja chake lilipotea ofisi ya ardhi mwaka gani sijui, na sasa amempata tarishi mahali asipoweza kutoroka. Basi jioni Kiguu alilitafuta. Alipanda ngazi kwa mawazo, akaeleza kila mlango, kila karani na tabia zake, kabati lipi lina kufuli bovu, mpaka saa mbili ikapita na faili halijaonekana. Miguu ilikuja, ikapiga, ikapungua. Usiku mwingine haikupungua na alitafuna shuka. Lakini hakuteleza. Jumatatu picha ikapigwa, na vipande vya mfupa vilikuwa vinatazamana, vimepishana kwa unene wa shilingi tu. Daktari wa mifupa, aliyekuwa amerudi, aliuambia mguu kwamba umefanya vizuri.

Siku hizo zote Mama Pacha alikuja kama kawaida. Alileta machungwa. Alileta maharage na maini, chombo kimejaa mpaka kifuniko hakifungi, akakaa mpaka kimekwisha. Alimkanda nyayo kwa namna yake ya kazini, akianzia kisigino, akinyoosha kwa kiganja, akirudia palipokuwa na kunyanzi. Kuhusu lile jambo hakusema kitu, na Kiguu alingoja. Kwa kweli alikuwa anangoja furaha. Alijiona kama mtu aliyeshinda kesi, na mshitaki wake ndiye aliyemtolea ushahidi. Jumatatu ile, picha ya mfupa ikiwa bado juu ya kabati, akaona asiache nafasi ipite.

"Si umesikia mwenyewe," alisema. "Hapakuwa na mtu."

Mikono ya mkewe ilisimama juu ya unyayo. "Nimesikia."

"Basi mbona hufurahi?"

 Alisema bila kupandisha sauti.

"Miaka kumi na tisa nimemchukia mtu ambaye hayupo. Nilimpa mpaka sura. Nikikutana na mwanamke sokoni ana kanga mpya, nasema ndiye. Nimelala ukingoni mwa kitanda changu mwenyewe. Nimekupimia chakula, Baba Pacha, kwa kijiko, mume wangu. Na wewe ulikuwa huko barabarani peke yako na miguu yako, unarudi, unalala, unanyamaza."

Kiguu akasema hakujua kama ni ugonjwa.

"Sikuulizi ugonjwa. Ungesema miguu inanisumbua, mke wangu, twende wote. Ningekwenda."

Fundi paa, ambaye sasa asingeweza kujifanya hasikii, alijitia busara akasema yaliyopita si ndwele, mama, tugange yajayo. Mama Pacha alimjibu kwa heshima kwamba kwake hii ndiyo ndwele yenyewe, na hajaona daktari wake. Fundi akageuza uso ukutani, plasta zake zikabaki zimeelekea upande huu.

Kiguu alitazama mlango, kwa mazoea. Maisha yake yote neno zito lilipoingia chumbani jioni, miguu ilimtoa, na hakuwahi kujua ni miguu tu au ni yeye pia. Sasa alilala chali, kilo saba zikimvuta upande mmoja na mkewe akimtazama upande wa pili, na kwa mara ya kwanza ilimbidi abaki mpaka neno limalizike. 

Jua likagusa tangi. Mama Pacha akaushusha unyayo aliokuwa akiukanda, wa kulia ukiwa bado haujaguswa. Akavaa ndala zake, akajitanda mtandio.

"Kengele ya wageni bado haijalia," alisema Kiguu.

"Najua. Natoka kidogo."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nitatembea."

"Utarudi saa ngapi?"

Mkewe alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Aligeuka akamtazama kwa muda, akatoka.

Miguu ikaanza. Kiguu alisukuma ubao wa kitanda mara ishirini, akachezesha kifundo, akakaza paja. Fundi alimuuliza kwa upole kama leo watalitafuta faili, akasema hapana. Alisikiliza ukumbini. Ndala zilipita, za watu wengine. Alijifunza kuzitambua kabla hazijafika. Kiti kilikuwa palepale karibu na kitanda, na chombo cha chakula juu yake kikiwa kitupu. Kengele ya wageni ikalia, watu wakaaga wagonjwa wao, wodi ikapungua sauti. Alijaribu kukumbuka kama katika miaka ile yote mkewe aliwahi kumuuliza, hata mara moja, atarudi saa ngapi. Hakuwahi, na yeye hakuwahi kujiuliza nyumbani kulikuwa na nani anayesikiliza hatua.